Zimamoto wa Lunca Lupului

Irimie Banciu alikuwa mtu wa kukwepa watu. Akiiona kofia ya katibu wa kijiji inakuja barabarani, alikata kona akapitia mashamba ya viazi, akafika nyumbani na matope mpaka magotini, na mkewe Salomia akamuuliza, "Leo umemkimbia nani?"

Hakuwa mwoga. Enzi za ujana wake alimpiga mbwa mwitu kwa fimbo mpaka akamwachia kondoo aliyekwisha kumshika shingo. Lakini kila alipokutana na mtu mwenye kola nyeupe, maneno yalimkwama kooni, masikio yakamwaka moto, akabaki kuzungusha kofia yake ya manyoya mikononi. Mwenye kola naye huondoka akisema kwamba wachungaji wa Kiromania ni watu wasio na akili.

Alikulia zizini. Baba yake alikuwa mchungaji, na babu yake vilevile. Majira ya kiangazi walikaa milimani juu, mahali ambapo mawingu hupita chini ya miguu. Majani yakianza kuwa mekundu walishuka na kondoo wao, wiki baada ya wiki, hadi kwenye nyanda za mto Danube. Masika walipanda tena. Shule hakuijua. Alijua kukamua, kugandisha jibini, kutibu kwato zilizooza, na zaidi ya yote alijua kupiga baragumu. Lilikuwa baragumu la mti wa msonobari, refu kumpita yeye mwenyewe, limefungwa kwa magome ya mti, na sauti yake ilivuka mabonde mawili. Kwa baragumu hilo Irimie alisema kila kitu alichoshindwa kusema kwa mdomo. Wito mmoja wa kukusanya kondoo wakakamuliwe, mwingine wa kuwarudisha zizini, mwingine wa kuwaambia wachungaji wenzake kwamba mbwa mwitu yuko karibu. Hata Salomia alimposa hivyo hivyo. Alisimama kilimani juu ya nyumba ya akina Salomia akapuliza kila jioni, mpaka baba wa msichana akatoka nje akapiga kelele, "Njoo uje kusema, wewe, ng'ombe wangu hawalali!"

Walijaliwa binti mmoja, Stana. Alipoolewa, Irimie alimkabidhi mkwewe kondoo wote, akashuka kukaa kijijini moja kwa moja. Alikuwa na bustani ya miti ya plamu, nyuki kidogo, na mke aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Aliridhika. Watu wa Lunca Lupului walimwona kila Jumapili amekaa kwenye ukuta wa kanisa, kimya, anatabasamu peke yake.

Mwaka uliofuata ukaja moto.

Nyumba za Lunca Lupului zilikuwa za mbao, na mapaa yake yalikuwa ya vipande vya mbao vilivyokaushwa na jua kwa miaka mingi. Cheche moja kutoka jikoni mwa mtu ilitosha. Mtaa wa juu wote uliteketea mchana kweupe, watu wakipokezana ndoo kutoka mtoni. Wasaksoni, watu wa asili ya Kijerumani wa kijiji cha bondeni, walikuja mbio na pampu yao, farasi wanatoka povu, lakini walipofika hakukuwa na cha kuzima ila majivu. Wakavua kofia, wakasaidia kuzoa.

"Tununue yetu," alisema Toader Muntean, mhunzi wa kijiji, kaka wa Salomia. "Tuuze sufu yote kwa pamoja, tununue pampu."

Ndivyo ilivyokuwa. Pampu ililetwa na maksai kutoka mjini, nyekundu, ina mikono miwili mirefu ya kusukuma na mpira mrefu uliokunjwa kama nyoka aliyelala. Kasisi aliinyunyizia maji ya baraka. Vikongwe wawili walijipanga waibusu kama wabusuvyo picha za watakatifu, na Toader akawazuia: "Mama zangu, rangi haijakauka!"

Vijana wakajiandikisha, wazee wakajiandikisha, Toader akachaguliwa kamanda wa kikosi. Kilichobaki ni kibali cha wilaya.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Wakati ule milima hiyo ilikuwa chini ya Milki kubwa yenye mataifa mengi. Mfalme alikaa Vienna, serikali iliyowatawala wao ikakaa Budapest, na serikali hiyo ilikuwa ya Wahungaria. Mhungaria alikuwa na lugha yake ofisini. Msaksoni alikuwa na lugha yake mjini, kwa haki alizopewa tangu kale. Mromania, ambaye katika vilima vile aliwazidi wote kwa wingi, aliambiwa lugha yake ni ya nyumbani na kanisani. Wilaya ikajibu kwamba kikosi cha Lunca Lupului kitaruhusiwa kwa sharti moja: amri zote zitolewe kwa lugha ya dola, yaani Kihungaria. Mkaguzi atakuja kuwajaribu. Wakishindwa, kikosi kitavunjwa na pampu itapewa kijiji kingine.

Habari hiyo ilisomwa katika kibanda cha Toader cha uhunzi, watu wamejazana mpaka mlangoni. Irimie alikuwa amejibanza nyuma ya mifuko ya mkaa.

"Wasaksoni kule bondeni wanaamriana kwa lugha yao," Toader alisema. "Nimewasikia kwa masikio haya. Hakuna askari aliyewauliza."

"Wao wana hati za zamani," alijibu Vichente, msaga nafaka, mtu mnene mwenye unga kwenye nyusi.

"Na sisi tuna moto wa zamani! Au moto wetu unazimika kwa Kihungaria?"

"Labda ni moto uliosoma."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Pampu ilikuwa pale nje, imefunikwa turubai, na kila mtu alikuwa ametoa sufu yake.

Wakajaribu. Toader alikwenda kwa mtu mmoja aliyewahi kuwa mwanajeshi, akakaririshwa amri zote. Jumapili akawapanga watu uwanjani, akavimbisha kifua, akapaza sauti. Kwa amri ya kwanza nusu ya watu walivuta pampu mbele, nusu wakaivuta nyuma, na Vichente akavua kofia akidhani ni sala. Kwa amri ya pili maji yalitoka, lakini yalimpata kasisi.

"Rudieni!" alisema Toader, amelowa jasho.

"Turudie nini, kaka? Sema kwanza ni nini, tutarudia."

Walihangaika hivyo mpaka kilimo cha masika kilipowaita mashambani. Toader alipunguza kula. Alikuja kwa dada yake jioni moja, akakaa mbele ya sahani ya ugali wa mahindi na jibini, akaisukuma pembeni.

"Dada, wataichukua pampu yetu," alisema. "Watu wangu si wajinga. Waambie kwa lugha yao, wataruka juu ya paa kama paka. Lakini maneno wasiyoyajua, moto ukiwaka, nani atayakumbuka?"

Salomia alikuwa anafuma. Hakuinua macho. "Si mna baragumu?"

"Baragumu la nini?"

"La huyu." Alimwelekezea Irimie kidole. "Mume wangu kanizungumzia kwa baragumu maisha yangu yote. Kwa mdomo bado nasubiri. Na wanaume wa kijiji hiki nusu yao wamechunga naye. Akipiga wito wa mbwa mwitu, nani asiyejua kukusanyika?"

Toader alimtazama shemeji yake. Irimie aliitazama sahani.

"Baragumu," Toader alisema polepole, "ni la lugha gani?"

"La mti," alisema Salomia.

Basi wakakubaliana. Wito wa mbwa mwitu uwe wa kukusanyika na kuileta pampu. Wito wa kukamua uwe wa kusukuma maji. Nao ulifaa kweli, maana mikono ya pampu hupanda na kushuka. Wito wa kurudi zizini uwe wa kusimama. Toader aliandika wilayani kwamba kikosi chake kitaamriwa kwa ishara za baragumu, bila lugha yoyote. Jibu likaja kwamba mkaguzi ataangalia mwenyewe, ila asisikie neno.

Kiangazi chote walifanya mazoezi. Irimie alisimama juu ya ukuta wa kanisa, mdomo mpana wa baragumu umeegemea kwenye tawi, akapuliza, na watu chini wakaenda kama mwili mmoja. Hakuwahi kufurahi namna hiyo tangu aache kondoo. Wanawake walitoka milangoni na kazi zao za mikono ili watazame. Hata Vichente alijifunza.

Toader peke yake ndiye aliyekuwa na donge rohoni. Siku moja baada ya mazoezi alipanda akakaa ukutani karibu na Irimie.

"Shemeji, umetuokoa, sikatai. Lakini naona kama mtu anayeingia nyumbani kwake kupitia dirishani. Ameingia, ndiyo. Lakini mlango ni wake."

Irimie alifikiri sana. "Mlango umefungwa," alisema mwishowe.

"Najua umefungwa. Nasema ni wake."

Neno hilo lilikaa na Irimie, akalala nalo, akaamka nalo.

Mkaguzi alikuwa aje wakati wa mavuno ya nyasi. Akaugua, siku ikasogezwa. Ikasogezwa tena kwa sababu ya mvua. Mwishowe alifika siku moja ya vuli yenye jua zuri na upepo mkavu, miti ya plamu imeelemewa na matunda. Aliitwa Bwana Vadnay, Mhungaria mrefu mwenye masharubu meupe na buti zinazong'aa, na alikuja na askari mmoja tu. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani kwa mavazi ya sikukuu, mashati meupe na vizibao vya ngozi. Pembeni ya mto walikuwa wamelundika majani makavu na mbao mbovu ili ziwashwe kwa jaribio.

Jambo moja hakuna aliyelikumbuka. Kiangazi, walipokuwa wakifanya mazoezi, kondoo wote walikuwa milimani juu, mbali na sauti. Sasa ilikuwa vuli. Kondoo walikuwa wameshuka, na mkwewe Irimie alikuwa anawalisha kwenye mashamba ya nyasi zilizokatwa, pale pale juu ya kijiji. Kondoo waliozaliwa, wakanyonya na kuzeeka kwa baragumu la Irimie.

"Anzeni," alisema Bwana Vadnay. Toader akawasha majani.

Irimie alipuliza wito wa mbwa mwitu. Kikosi kilitoka mbio na pampu, mpira ukanyooshwa, kijana Bucur akazamisha ncha yake mtoni. Safi kabisa. Mkaguzi alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Kule mlimani, mbwa wanne wa machungani waliposikia mbwa mwitu yupo, wakaanza kubweka na kuwasukuma kondoo wote pamoja.

Irimie alipuliza wito wa kukamua.

Kwanza kilisikika kitu kama mvua ya mawe. Kisha njia ya juu ya kijiji ikawa nyeupe. Kondoo waliteremka wakisukumana, kengele zinalia, mbwa nyuma yao na mkwewe Irimie nyuma ya mbwa akipiga mayowe, kofia hana. Walijaa uwanjani. Walipita chini ya mikono ya pampu, wakaukanyaga mpira, wakamzingira mkaguzi mpaka buti zake hazionekani. Kondoo dume mmoja mzee alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kanisa, akasimama chini ya Irimie, akamtazama akisubiri chumvi yake.

"Mama yangu!" alisema Vichente, amekumbatia mkono wa pampu. "Sasa nikamue yupi?"

Watu wakaangua kicheko. Kilidumu mpaka upepo ulipogeuka. Lundo la majani liliruka kama limepigwa teke, na cheche zikavuka njia, zikatua juu ya ghala la mjane Paraschiva, nyuma ya pampu, mahali ambapo waliokuwa chini hawakuweza kuona. Kutoka ukutani Irimie aliona. Aliuona moshi mwembamba unachomoza kati ya mbao za paa, kisha ulimi mdogo mwekundu. Nyuma ya ghala hilo nyumba zilikuwa zimebanana mpaka mwisho wa mtaa.

Aliinua baragumu, akalishusha. Apige wito gani? Kila wito ungeleta kondoo zaidi au kuwachanganya waliokuwepo, na hakuna wito wowote duniani unaosema ghala la Paraschiva. Alimtafuta Toader. Toader alikuwa ng'ambo ya uwanja na mdomo wa mpira mkononi, amebanwa na kondoo, anatazama upande mwingine.

Irimie akafungua kinywa.

"Toader! Nyuma yako! Ghala la Paraschiva!"

Sauti hiyo hakuna aliyeijua. Salomia mwenyewe alisema baadaye kwamba aligeuka kuangalia ni nani.

"Vichente, sukumeni! Maji! Maji, nasema! Wewe Bucur, wapige kondoo upande wa mto! Mpira juu, juu ya kondoo, ubebeni mabegani! Kulia, Toader, kulia zaidi! Juu! Hapo! Maji!"

Alisema kwa lugha yake, lugha aliyoisikia kwa mama yake, mbele ya mkaguzi na mbele ya askari, na kila mtu alifanya alichoambiwa kabla neno halijaisha. Mpira ulipita mabegani mwa watu juu ya migongo ya kondoo. Maji yakapiga paa. Moshi ukawa mweusi, ukawa mweupe, ukakatika. Paraschiva alikuwa amepiga magoti mlangoni, nguo imelowa, anajipiga alama ya msalaba mfululizo.

Kengele za kondoo tu ndizo zilizosikika.

Bwana Vadnay alijipangua kutoka kwa kondoo, akaja mpaka ukutani. Irimie alishuka. Masikio yalikuwa yameanza kumwaka moto.

"Mimi nilinyonyeshwa na mwanamke wa kwenu," alisema mkaguzi, kwa Kiromania chenye lafudhi nzito. "Naelewa yote. Sasa sikiliza, mzee. Kazi yenu ni nzuri, nimeiona. Na leo mimi sikusikia amri yoyote kwa lugha isiyoruhusiwa. Nilisikia mchungaji anawapigia kelele kondoo wake. Kwa kondoo kila mtu aseme anavyotaka. Sivyo?"

Alikuwa anatabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Toader, nyuma yake, alikuwa anamkonyeza Irimie kwa macho yote mawili: kubali, kubali, kwa ajili ya Mungu kubali. Irimie angetikisa kichwa kukubali tu, ingetosha. Kutikisa kichwa alikujua vizuri kuliko mtu yeyote pale kijijini.

Akatazama uwanjani. Aliwaona Vichente na Bucur na wengine, wamelowa, wanahema, mashati ya sikukuu yamechafuka kwa samadi. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Hapana, bwana," alisema.

"Hapana nini?"

"Kondoo nawaita kwa baragumu. Wale niliowaita kwa maneno ni watu."

Mtu mmoja aliguna. Tabasamu la mkaguzi lilififia taratibu.

"Unajua unachosema? Nimekupa njia."

"Nashukuru, bwana. Njia ni nzuri. Ila si kweli." Kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake kama gurudumu, lakini maneno yalikuwa yanatoka. "Nimewapa amri, kwa lugha yetu, nao wamezima moto. Msaksoni anafanya hivyo na ninyi mnafanya hivyo. Kama ni kosa, nimekosa mimi. Pampu haikusema kitu. Watu nao hawakusema kitu, walifanya kazi. Mimi ndiye niliyesema."

Bwana Vadnay alivuta sharubu moja. Labda alikuwa anafikiri, labda alikuwa anatafuta namna ya kutoka na heshima yake katikati ya kondoo wale.

"Unaitwa nani?"

"Irimie Banciu."

"Basi kosa ni la Irimie Banciu," mkaguzi alimwambia askari kwa sauti ya kusikika. "Kikosi kinaweza kazi. Kinakubaliwa, kwa baragumu." Kisha kwa Irimie, chini chini: "Mzee mkaidi. Ulikuwa na haja gani?"

Irimie alikuwa amemaliza maneno yake ya siku hiyo. Lakini Toader alimrukia shingoni mbele ya watu wote, akilia na kumtukana: "Punda wee! Punda wangu wa dhahabu!"

Adhabu ikaja: siku kadhaa katika mahabusu ya wilaya. Salomia alimfungia mzigo kana kwamba anakwenda tena Danube, jibini, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, chupa ya pombe ya plamu aliyoificha ndani ya soksi. Watu wa Lunca Lupului walikwenda kumwona kwa zamu, kila mtu na kikapu chake. Mlinzi wa mahabusu na mkewe walikula kwa baraka zake. Irimie mwenyewe alirudi amenenepa, akasema kule ndani palikuwa kimya sana, hakuna aliyemsumbua, na godoro si baya.

Sasa, akiwa huko, Jumapili ilifika na kikosi kilikuwa na mazoezi. Baragumu lilikuwepo, mpigaji hakuwepo. Walijaribu wengine wawili. Mmoja alitoa sauti kama ya ndama mgonjwa. Toader alisimama mbele ya watu wake, akawatazama, akakunja mikono ya shati.

"Haya," alisema kwa lugha yao. "Pampu mbele! Maji!"

Askari alikuwa anapita. Akaandika jina. Irimie alipotoka mahabusu, alikutana na shemeji yake mlangoni anaingia.

"Godoro la dirishani ndilo zuri," Irimie alimwambia.

Alipofika nyumbani wakamwomba ashike baragumu lake. Akasema midomo imempasuka. Jumapili iliyofuata ikawa bado imepasuka. Salomia aliichunguza midomo ile kwa karibu, mbele ya watu, akatangaza kwamba kweli, haijawahi kuwa katika hali mbaya namna hiyo. Basi ikabidi mtu mwingine atoe amri kwa mdomo, naye akachukuliwa, na baada yake mwingine. Wakapanga zamu. Kila mwanamume wa kikosi alijua zamu yake ya kuamrisha na kwenda mahabusu, kama wanavyojua zamu ya kumwagilia bustani. Mkeo alikuwa anakufungia mzigo Jumamosi. Bucur alipokosa zamu yake kwa sababu ya harusi ya dada yake, walizozana karibu kupigana.

Watu hawakusahau kwamba mengine yalibaki vilevile. Irimie hakuwa na haki ya kupiga kura, wala Vichente, wala karibu yeyote kati yao. Mahakamani bado walisimama kama mabubu. Katika ofisi ya wilaya bado walisemeshwa lugha wasiyoijua na kuchekwa nyuma ya migongo yao. Lakini Jumapili mchana, uwanjani pale, walisema maji na yakatoka.

Wilaya ilichoka polepole. Mahabusu ilikuwa imejaa harufu ya jibini. Mkaguzi, ikasemekana, aliulizwa maoni yake akasema yeye amekagua tayari. Ruhusa haikuletwa, na hakuna aliyekuja kuitangaza.

Ikafika zamu ya Vichente. Alikuwa ameisubiri kwa hamu, maana alikuwa ametuma habari kwa mke wa mlinzi kwamba atakuja na paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Mzigo wake ulikuwa umeegemezwa kwenye gurudumu la pampu. Alitoa amri kwa sauti kubwa kuliko wote waliotangulia, na askari akatokea kwenye kona kama kawaida yake. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kuna moto?" aliuliza.

"Hakuna, afande. Mazoezi."

"Basi endeleeni." Akashika njia yake.

Vichente alibaki mdomo wazi. Kisha akamkimbilia, unga unamruka mgongoni. "Afande! Afande, mimi ndiye niliyetoa amri! Kwa Kiromania! Hukunisikia?"

"Nimekusikia," alisema askari bila kugeuka. "Ile ya kushoto umeichelewesha."

Vichente alirudi amenuna. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Irimie alipoanza, juu ya ukuta wa kanisa, na alipocheka yeye wote wakacheka.

"Na hili paja nilifanyeje?" Vichente aliuliza kwa uchungu. "Mke wangu kalikausha wiki nzima!"

"Kata," alisema Irimie. "Toader, leta kisu. Bucur, wewe nenda kwa Salomia, mwambie ugali, na uwe mwingi. Ninyi wengine mnasimama nini? Kunjeni mpira kwanza! Polepole, usiukanyage! Kushoto, nasema, kushoto!"

Toader alimtazama dada yake aliyekuwa anakuja na kitambaa cha meza begani.

"Siku hizi hanyamazi," alisema Salomia. "Hata usingizini."